Chandarua cha Ghana

Ukitaka kumuudhi Tecla, yule mama mwenye kishamba cha chai upande wa chini wa soko la Roret, mwambie kwamba Ghana ni nchi ya hatari. Atakutazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kisha atakuuliza, "Nani alikufa huko?" Ukikosa jibu atajijibu mwenyewe. Hakuna aliyekufa huko. Yeye alikwenda Ghana akarudi amenenepa. Aliyekufa ni mumewe, Hezekiah, na alifia hapahapa, kwenye baridi yetu hii tunayojisifia, kwa ugonjwa uleule ambao Tecla alionywa juu yake kila Jumapili kabla ya kupanda ndege. Ni habari chungu, na haifai kutiwa sukari.

Ulikuwa mwaka wa 1996. Kanisa lao lilikuwa na urafiki na kanisa moja la Kumasi, na akina mama wa huko walitaka wenzao wa Kenya wakae nao mwezi mzima, waimbe, wasali, na waone jinsi wanavyoendesha vikundi vyao vya kupika sabuni. Tecla alichaguliwa kwa sababu ya sauti yake, na kwa sababu hakuwa mtu wa kununa safarini. Aliyefurahi zaidi alikuwa Hezekiah. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono myepesi ya kuchuna majani, na wiki zile hakuna jirani aliyemkwepa. "Mama Caren anaenda kuona bahari ya upande ule mwingine," alikuwa akiwaambia, na jinsi alivyojipiga kifua ungedhani bahari hiyo aliichimba yeye.

Basi ushauri ukaanza kumiminika. Mchungaji Bethwel, kiongozi wa msafara, aliwaketisha wasafiri kila Jumapili baada ya ibada. Sindano ya homa ya manjano ichomwe mapema, na kadi yake ishikwe mkononi uwanja wa ndege, isizikwe chini ya sanduku. Sweta zibaki nyumbani, kwa maana kule jasho hutoka hata ukikaa kimya. Nguo ziwe za pamba, na za jioni ziwe na mikono mirefu. Mkono wa kushoto usinyooshewe mtu, si kwa salamu wala kwa kupokea kitu, hata kama wa kulia umebeba mzigo. Ukikuta watu wamekaa, anza kusalimu upande wako wa kulia, uende hivyo mpaka mwisho, usimrukie mkubwa. Fufu, ugali wao laini, haitafunwi, inamezwa, na pilipili yao si mchezo, kwa hiyo onja mchuzi kwanza. Maji ya kwenye vifuko vya nailoni barabarani yaache. Penye askari usitoe kamera. Na mgeni akifika nyumba ya watu, hupewa maji ya kunywa kwanza, ndipo huulizwa habari ya safari. Usianze kubwabwaja kabla ya kuyanywa.

Lakini alipofika kwenye malaria mchungaji alikuwa akiinua sauti kama anayehubiri juu ya moto wa milele. Kidonge kila Jumapili, kuanzia kabla ya kuondoka, na mkirudi mwendelee wiki nne. Chandarua kila usiku bila kukosa. "Sisi watu wa milimani, damu yetu haijazoea malaria," alisema. "Mtu wa kule inamwangusha leo, kesho yuko kazini. Wewe wa Roret ikikushika, wewe kwisha." Wote wakatikisa kichwa. Hakuna aliyefikiri kwamba hiyo damu isiyozoea haikuwa ikisafiri yote. Nyingine ilikuwa ikibaki Roret, kulisha ng'ombe.

Mwenye kujua malaria kweli alikuwa Syprose, jirani yao, mke wa Oketch wa kiwandani. Alizaliwa kando ya ziwa, akaja huku na mumewe, akawa anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Jioni moja alikuja jikoni kwa Tecla, akamkuta anatayarisha vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vya kumwachia mzee, na Hezekiah mwenyewe yuko kando ya moto akipasha mikono joto.

"Mama Caren, nikuambie kitu," alisema. "Malaria haikuji ikisema mimi ni malaria. Inakuja kama uchovu. Inakuja kama baridi. Ukisikia baridi na jua iko, usibishane na mtu. Enda hospitali saa hiyohiyo."

Tecla aliitikia, akarudia maneno yale mpaka akayashika. Hezekiah alisikia kila neno. Alikuwa pale, karibu kiasi cha kumpitishia Syprose kikombe cha chai, na alikipitisha.

Kisha kikaletwa chandarua. Kanisa lilikuwa limenunua Nairobi, kimoja kwa kila msafiri, na Tecla akakifunga juu ya kitanda ili ajifunze. Hezekiah akaingia ndani yake na gambuti zake, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Nikilala kwa hii kitu, watu watafikiri mimi ni bibi arusi," alisema.

"Si nikuachie?" Tecla alimwuliza, nusu mzaha.

"Uniachie ya nini? Mbu ya huku inaimba tu. Baridi inaimaliza kabla ifike kwa mtu."

Watu wote waliokuwa mle ndani walicheka, na Tecla naye alicheka. Sauti ya mumewe siku hizi inaanza kumpotea, lakini kicheko chake mwenyewe cha siku ile anakisikia vizuri kabisa.

Alikwenda Ghana mwanzoni mwa Juni, na kule alitunzwa kama yai. Mwenyeji wake, mama mnene muuza vitambaa, alimwona Tecla ni mtoto wake ingawa walikuwa rika moja. Kila jioni alikuwa akiingia chumbani, anachomeka mwenyewe kingo za chandarua chini ya godoro, anapiga makofi kufukuza mbu, halafu anauliza kama dawa imenywewa. Tecla alitumia mkono wa kulia. Alimeza fufu, pilipili ikamtoa machozi, wakacheka pamoja. Kila nyumba alipewa maji kwanza. Aliona joto ambalo hakuwa amewahi kulifikiria, na mawingu mazito ya mvua ya kule, na bahari ya upande ule mwingine, akasimama ufukweni akajiambia, "Hii nitamweleza Hezekiah polepole, nisiimalize siku moja." Hakuumwa hata kichwa.

Huku kwetu Juni ni mwezi wa ukungu. Majani ya chai hulowa mpaka saa nne, na mchunaji anayeingia shambani mapema hutoka amelowa kiunoni hata akivaa nailoni. Mwaka ule mvua ndefu zilikuwa zimekawia kuisha, madimbwi yakajaa kando ya njia na ndani ya mashimo ya matofali, na katikati ya ukungu kulikuwa na siku za joto la ajabu. Watu walianza kuugua, mmoja huku, mwingine kule ng'ambo ya mto. Ilisemwa ni mafua makali. Kila aliyekufa alipatiwa sababu yake. Huyu alikuwa mzee, yule alikuwa na kifua, wa tatu labda alilogwa na ndugu zake.

Yaliyompata Hezekiah, Tecla aliyapata baadaye kwa Syprose, kipande kwa kipande. Mumewe alikuwa peke yake nyumbani. Caren, binti yao wa pekee, ameolewa Silibwet, na si karibu. Siku moja Syprose alipita akielekea sokoni, akamwona amekaa kwenye kigogo mbele ya nyumba, jua linawaka, naye amevaa koti lake zito na kofia ya sufi mpaka masikioni.

"Baba Caren, koti ya nini na jua iko hivi?"

"Ni baridi tu, Mama Phelix. Majani ilikuwa na maji mingi asubuhi."

"Hiyo si baridi ya majani. Enda upimwe malaria."

Hezekiah akatabasamu. Alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kumvunja moyo. "Malaria ni ya kwenu, kule ziwa. Huku hatunanga hiyo."

Syprose akasimama pale na karai lake la omena kichwani. Angeweza kulitua, akamshika mkono, akampigia kelele. Lakini miaka minne kabla ya hapo, wakati wa fujo za kikabila, yeye na Oketch walikuwa wamelala uani mwa kanisa na watoto wao, wakiwasikia watu waliowauzia omena wakiulizana ni lini hawa watarudi kwao. Hezekiah hakuwa mmoja wa watu hao. Yeye ndiye aliyewapelekea maziwa. Hata hivyo, tangu siku zile Syprose alikuwa akipima maneno yake kila akiingia boma la mtu, na neno "kwenu" lilimfunga mdomo. Alimwambia tena, kwa sauti ya chini, kwamba heri apimwe. Kisha akaenda zake sokoni.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo wanaume wa huku hawapendi kulisikia likisemwa. Mtu aliyepita jandoni kwetu hufunzwa kutojikunyata. Kisu kinapita, na uso hautikisiki, na watu husimulia mpaka uzeeni jinsi fulani alivyosimama kama mti. Hezekiah alikuwa mmoja wa waliosimuliwa. Mtu kama huyo atakwendaje zahanati kusema anasikia baridi? Alitetemeka, akaona haya ya kutetemeka, akajifunga blanketi mbili na kumwambia kila aliyechungulia kwamba anapumzika. Chakula kilimshinda. Alikunywa mursik aliyoachiwa, kibuyu kimoja, kisha cha pili. Cha tatu alikataa kisiguswe. "Hiyo ni ya kupokea msafiri," alimwambia Syprose alipomletea uji. Aliposema hivyo macho yake yalikuwa ya manjano.

Siku iliyofuata alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo, akimwagiza marehemu baba yake afunge ndama. Oketch na wenzake walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani, wakasimamisha lori la majani, wakampeleka hospitali Kericho. Daktari hakuchukua muda mrefu. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Aliuliza kwa nini wamekawia kumleta, na Oketch, ambaye hakuwa na kosa lolote, ndiye aliyeinamisha kichwa. Hezekiah hakumaliza siku mbili.

Wazee wa kanisa walipiga simu Kumasi. Aliyeipokea ni Mchungaji Bethwel, naye akaona ni busara kunyamaza mpaka warudi. Zilikuwa zimebaki siku kadhaa. Alimtazama Tecla akila, akamtazama akinunua shati la kitambaa cha huko, pana, la rangi ya machungwa, na alijua ni la nani. Jioni ya kuagana Tecla alicheza mpaka wenyeji wakampepea kwa leso, na mchungaji alikaa kwenye kiti chake akipiga makofi. Baadaye alijitetea kwamba hakutaka augue kwa mshtuko akiwa ugenini. Huenda alisema kweli. Watu hawa wote walikuwa na nia njema, na hilo ndilo linalokata maini, kwamba humpati hata mmoja wa kumchukia vizuri.

Gari la kanisa lilipokata kona ya Roret, Tecla aliona watu wamejaa bomani kwake, viti vimepangwa, turubai limefungwa. Alijua Hezekiah angemfanyia sherehe, lakini si kubwa hivi. Akafungua mlango kabla gari halijasimama vizuri, akapiga vigelegele, akaanza wimbo waliojifunza Kumasi, shati la machungwa liko mkononi. Alifika katikati ya boma akiimba peke yake.

Syprose ndiye aliyemjia, akiwa na kikombe. "Kaa kwanza," alisema. "Kunywa maji."

Tecla akacheka. "Hata wewe umekuwa Mghana!" Akayapokea kwa mkono wa kulia, akayanywa yote, akiangaza macho kumtafuta mumewe. Ndipo alipomwona Caren ameketi chini kwenye nyasi ilhali viti vimejaa tele. Hakuna aliyemuuliza habari ya safari.

Walimzika na lile shati. Kibuyu cha tatu kilipitishwa matangani kwa watu waliotoka mbali, wakanywa wakasifu, wala hakuna aliyeuliza kiliwekewa nani. Na kila Jumapili, katika nyumba ile yenye msiba, Tecla alimeza kidonge chake cha Ghana, maana aliambiwa akirudi aendelee. Watu walimshangaa. Mchungaji alipokuja kumfariji, alimkuta ndiyo kwanza anaweka kikombe chini.

"Ulinilinda na mbu, mchungaji," alimwambia. "Kisha ukanilinda na habari. Hezekiah alilindwa na nani?"

Mchungaji Bethwel akafungua Biblia, akatafuta kwa muda mrefu mahali pa kusoma.

Miaka mitatu ikapita. Juni ya 1999 ilipokaribia, msafara mwingine wa Kumasi ukapangwa, na safari hii kanisa halikununua vyandarua. Kila mtu ajitafutie. Ndipo Janeffer, mke kijana wa Kipsang, aliyekuwa na shamba lililopakana na la Tecla, alipokuja kumwomba chandarua chake. Alikuja na sukari na majani ya chai ya kiwandani, kwa heshima, akaomba pia ashauriwe. Tecla akamshauri yote: kadi, pamba, mkono wa kulia, pilipili, maji ya vifuko. Hakumficha kitu. Janeffer alisikiliza kwa makini ya mtu anayejua kwamba huko aendako kuna mambo.

"Na Kipsang atalala wapi?" Tecla akauliza mwishoni.

"Kipsang? Si nyumbani, mama."

"Ndani ya neti?"

Janeffer akacheka, kicheko cha heshima, kifupi. "Mama, huku? Huku si ni baridi tu."

Tecla aliinuka, akaingia chumbani, akakifungua chandarua kwenye kitanda alicholalia peke yake miaka yote hiyo. Akachukua nyundo, misumari, na kamba ya buluu aliyokuwa akifungia magunia, akatangulia njia. Kwa Janeffer alipanda juu ya kitanda cha watu bila kuona haya wala kuvua viatu, akagonga misumari kwenye boriti, akafunga pembe zote nne. "Wewe kule mwenyeji atakupa," alimwambia. "Kule wanajua. Hii ni ya anayebaki." Janeffer akaitikia, "Sawa, mama. Asante sana, mama."

Siku ya kuondoka, gari lilisimama kwenye kituo cha kupimia majani ili wasafiri waombewe. Tecla alikuwa kwenye foleni na kikapu chake mgongoni. Mkoba wa Janeffer ulikuwa umejaa hata zipu haikufika mwisho, na kwenye ule mdomo ulioachwa wazi kamba ya buluu ilikuwa inaning'inia. Janeffer aliona inatazamwa, akaisukuma ndani kwa kidole.

"Kipsang alikataa, mama. Alisema inamfinyia pumzi. Na kule ndiyo kuna hatari."

Mchungaji Bethwel akainua mikono. Aliombea ndege, aliombea marubani, aliombea wasafiri dhidi ya joto, chakula kigeni na kila mdudu arukaye. Tecla alisubiri, macho wazi, asikie kama atawataja wanaobaki. Amina ikaitikiwa, gari likaondoka, na karani akamwita atue kikapu chake kwenye mizani.

Tangu siku hiyo, kila jioni akitoka kupeleka majani, Tecla hupitia kwa Kipsang. Haingii ndani. Anasimama mlangoni, anamwita, na akitokea anamwekea kiganja kwenye paji la uso. Hapa kwetu mama hamshiki hivyo mwanamume mzima ambaye si wake wala si mwanawe, na soko zima limeshapata la kusema. Wengine wanasema ujane umemchosha. Wengine wanasema ni kichwa. Syprose peke yake ndiye asiyesema kitu, na siku moja alimsindikiza mpaka pale mlangoni na karai lake.

"Mama, watu wanaongea," Kipsang alilalamika jioni ile, amejirudisha nyuma, haya imemjaa usoni.

"Waongee," Tecla akasema. "Lete kichwa."